Ulimi Darini

3 Februari

Kwako mpwa wangu,

Barua hii ikikufikia na mkunjo katikati usiilaumu posta, niliikalia. Huku tu wazima. Mama yako goti linamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne anatembea na kugombana kama zamani. Mkaza mjomba wako anakusalimu, soksi ulizomtumia zimemtosha. Karakana imevuja tena, safari hii juu ya meza ya kunyooshea mabomba, nimetega ndoo. Simu ninayo, lakini masikio yangu unayajua. Miaka thelathini nimesimama mbele ya matarumbeta, mtu akinipigia nasikia nyuki. Tuandikiane. Na uzuri wa barua ni kwamba huwezi kunikatia.

Sasa jambo lenyewe. Mama yako amekuja hapa na habari mbili, ameziangusha mezani kama mtu anayetua mzigo. Ya kwanza, eti umefungwa tena nyaya za meno huko mjini kwako, na umekaa nazo tangu Oktoba. Oktoba! Sherehe za mwisho wa mwaka ulikuja ukala na sisi umefumba mdomo, nikadhani umepata adabu za mjini. Ya pili, eti kuna mtu anakufundisha namna ya kulaza ulimi, na amekuambia tarumbeta uiweke chini kwa muda.

Kulaza ulimi? Ulimi nao una kitanda?

Nikukumbushe, maana mjini husahaulisha. Bendi hii niliianza na tarumbeta moja iliyopasuka, niliyoitoa kwenye vyuma chakavu nikaiziba mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha. Leo wapigaji ni ishirini na wawili, wewe ukiwamo, na kila mtu huku anajua bendi yetu haichelewi noti ya kwanza. Kwa nini haichelewi? Kwa sababu ya amri yangu moja: ulimi mlangoni. Ncha katikati ya meno, tayari, ukipuliza na usipopuliza, barabarani, kazini, kitandani. Anayengoja kuambiwa "anza" ndipo atafute ulimi wake, huyo akapige debe.

Na nyaya nazo nina neno. Ulifungwa ukiwa na miaka kumi na mitano, ukakaa nazo karibu miaka miwili, zikatolewa, meno yakakutana vizuri, na kabla ya mwaka kuisha yakaachana tena. Mimi nikinyoosha bomba la tromboni likarudi kupinda, simwambii mteja kwamba amelipuliza kwa ulimi mbaya. Nalinyoosha tena nikiwa kimya. Hao madaktari wako kazi imewashinda, sasa wanatafuta wa kumsingizia.

Mashindano ni Oktoba. Kiti cha kwanza ni chako tangu ulipofikisha miaka kumi na tisa. Kazi yako ya lifti sikuingilii. Mdomo wako naingilia, maana nusu yake ni wa bendi.

Mjomba wako

*

19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa umeniandikia kama unamwandikia mtu aliyevunja tromboni. Pole na mvua ya ndani. Mwambie mama asipande ngazi za karakana. Mimi mzima. Wiki hii tuko kwenye jengo la ghorofa kumi na moja, nashinda juu kabisa kwenye chumba cha mota, nguo zinanuka grisi hata nikizifua mara mbili. Fundi mkuu wangu ananiita Kipenga, sijui nani alimwambia jina la nyumbani.

Sikukuambia habari ya Oktoba kwa sababu nilijua utaandika barua kama hii.

Ngoja nikueleze nilichokiona, halafu unune. Kwa daktari wa kupanga meno kuna chumba cha pembeni, dirisha lake linatazama ukuta. Ndani kuna kiti kimoja na kioo kirefu kunishinda. Humo yumo mama mmoja mnene, mcheshi, sisi wagonjwa tunamwita Mama Kioo. Siku ya kwanza alinipa kikombe cha maji. "Kunywa, umeze, ila midomo usiifunge." Nikacheka, nikasema hilo jambo dogo. Mjomba, maji yote yalinimwagikia kifuani. Akasema, "Jitazame." Nikatazama: nikimeza, ulimi unachomoza katikati ya meno kama unataka kusalimia watu.

Kisha akaniambia kumeza si hoja sana, kunapita. Hoja ni pale ulimi unapokaa wakati sifanyi chochote. Wangu unakaa katikati ya meno, mchana na usiku. Nyaya zinavuta meno yakutane, ulimi umejilaza hapo hapo unayazuia, taratibu tu, hauna haraka. Nyaya zilipotolewa mara ya kwanza, ulimi ulibaki kazini peke yake.

Wewe ni fundi, mimi ni fundi. Mlango wa lifti ukikataa kufunga kwa sababu mtu ameweka mguu, unaweza kubadilisha mota hata mara tatu. Mguu usipotoka, haufungi. Daktari wa kwanza alinibadilishia mota. Huyu mama anaondoa mguu.

Ulimi unatakiwa ukae juu, umelala kwenye kaakaa, ncha kwenye kile kituta cha ufizi nyuma ya meno ya mbele, bila kuyagusa meno yenyewe. Midomo imefungwa, pumzi inapita puani. Ndiyo hivyo tu. Nyaya na ulimi vinafanya kazi pamoja, kimoja bila kingine ni kujisumbua. Nafasi yangu mbele ni milimita tano. Nina miaka ishirini na minne na sijawahi kukata uzi kwa meno ya mbele. Mkate nauingiza pembeni kama mbuzi. Wewe umeniona nikila miaka yote hiyo.

Aliniuliza ni nani alinizoesha kuweka ulimi pale. Nikamwambia ni mazoea tu.

Tarumbeta nimeiweka chini kwa miezi michache, si milele. Naomba kitu kimoja: niwekee kiti changu mpaka Oktoba.

Mpwa wako

*

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe umeisababisha wewe. Mama yako mzima, amenunua fimbo ya kutembelea na anaitumia kunyooshea watu vidole. Ndoo imejaa mara nyingi, nimebadilisha bati.

Umeandika "mazoea tu". Mazoea ya nani? Mimi si mtoto. Umeficha neno ili usiniudhi, na umeniudhi zaidi. Kama mtu ana shtaka alilete na jina langu juu yake.

Basi nikasema maneno matupu hayajengi, tupime. Nilichukua kalipa yangu, ile ya kupimia unene wa mabomba, nikaichemsha, nikaifuta kwa spiriti, na siku ya mazoezi nikawapanga mstari wapulizaji wote kumi na watatu waliobaki baada yako. Nikawaambia ng'ateni magego, fungueni midomo. Kinyozi wetu, wa tarumbeta ya pili, akagoma.

"Mjomba, mimi ndiye hushika watu taya mji huu. Hajazaliwa wa kunishika langu."

"Fungua."

"Unatafuta nini humo?"

"Natafuta ukweli."

"Basi utafute kwa wa tromboni kwanza, yeye ana domo kubwa."

Wakacheka dakika nzima. Nikampima wa tromboni, nikampima kinyozi, nikawapima wote. Halafu nikawapima na wapiga ngoma na matoazi, wanane, maana kipimo kisichokuwa na cha kulinganishwa nacho ni porojo. Matokeo ninayo kichwani. Si ya kuandika.

Kuhusu kiti. Bendi haiwezi kufanya mazoezi na kiti kitupu, kinaniangalia. Nimemweka kinyozi. Usinune.

Mjomba

*

14 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Pole na bati, hongera kwa kulibadilisha. Barua yako niliisoma nikiwa juu ya lifti, nimekaa kwenye boriti, nikacheka mpaka fundi mkuu akadhani nimepigwa na umeme. Mpe kinyozi salamu zangu na mwambie taya lake lina bahati.

Matokeo ni yapi, Mjomba?

Sawa, usiseme. Ila nikutoe hofu moja ambayo hukuiandika. Nilimuuliza Mama Kioo waziwazi kama tarumbeta ndiyo iliyonipotosha meno. Akasema tarumbeta haina kosa. Hata ukipuliza saa mbili kila siku, meno hayasogei kwa saa mbili, yanasogezwa na kile kinachokaa juu yake saa zote zilizobaki. Wapo wapulizaji wengi tu wenye meno yaliyofunga vizuri. Kwa hiyo ala zako zote hazina hatia. Nimefurahi, nikadhani nawe utafurahi.

Mazoezi yenyewe ndiyo haya. Anakupa kiraba kidogo cha duara, kidogo kuliko kitufe cha shati. Unakibandika kwenye ncha ya ulimi, unaunyanyua ulimi mpaka kiraba kikae juu ya kile kituta, unakishikilia hapo. Kisha unameza mate bila kukiangusha. Mwanzoni nilikimeza chenyewe. Mama Kioo akasema, "Usijali, kinajua njia." Sasa nafunga nati huku kiraba kiko juu, nashuka ngazi kiko juu. Wenzangu kazini wameanza kusema nimekuwa mpole, kumbe nimefumba tu. Nafasi sasa ni milimita tatu na nusu.

Jambo la pili ni zito, na hili nakuambia wewe tu. Jumapili nilipanda kwenye chumba cha mota, pale ambapo jirani hawezi kulalamika, nikaitoa tarumbeta. Nilipaka nta kwenye nyaya, nikaweka ulimi juu kama nilivyofundishwa, nikapuliza mwanzo wa lile gwaride letu la ufunguzi. Noti ikachelewa, tena ikatoka kama kikohozi. Nikarudia. Kikohozi. Kwa hasira nikaurudisha ulimi mlangoni, na noti ikaja pale pale, kali, safi, ile ile unayoijua.

Unaona nilipo. Ulimi ukiwa chini nina kiti na sina meno. Ulimi ukiwa juu nina meno na sina noti. Mama Kioo anajua ulimi lakini hajui tarumbeta. Namjua mtu mmoja tu anayeweza kukaa na tatizo la noti ya kwanza mpaka likubali. Nifundishe kuanza kutoka juu.

Mpwa wako

*

9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima. Goti vile vile.

Umeniomba nikufundishe kuanza kwa namna ambayo si yangu. Hapana. Kwa mlango ule ule nimefundisha watu arobaini na mmoja, na noti zao zimefungua harusi, mazishi, majengo na daraja moja. Mtu aliyekupa ulimi mpya akupe na noti yake. Kinyozi anaendelea vizuri kwenye kiti.

Mjomba

Nauliza tu, wala si kwa ajili yangu: huyo mama akisema "kile kituta", anamaanisha kituta kipi? Maana nikipapasa huku juu kuna vituta vingi vyenye mikunjo kama ubao wa kufulia. Ncha inakaa milimita ngapi nyuma ya meno? Na sehemu ya nyuma ya ulimi nayo inapanda, au inabaki chini?

*

20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kwamba wote wazima. Hapa tumemaliza lile jengo, tumehamia hospitali, lifti ya vitanda. Humu huruhusiwi kosa.

Jibu la swali ambalo si kwa ajili yako: ni kile kituta cha kwanza kabisa, pale ufizi unapoanza kupanda kuelekea kaakaa. Ukisema "na" kwa sauti ndogo ukaganda kabla ya kumaliza, ncha iko penyewe. Nyuma ya meno ni kama milimita tano, sita. Meno hayaguswi. Na ulimi wote unapanda, wa nyuma pia. Unaunyonya kidogo mpaka ukae kama bati lililobandikwa darini. Ukiuachia unalia "klo". Ukilia vizuri, umeuweka vizuri.

Kuhusu kiti sitaomba tena. Nikija nikistahili nitakaa, nisipostahili nitasimama. Ila ujue siurudishi ulimi mlangoni, Mjomba. Siku ile kwenye chumba cha mota nilijaribiwa, nikaisikia ile noti, nikaipenda. Na jioni yake jino moja la mbele liliniuma kuliko kawaida, nikakaa kitandani nikaelewa kwamba nikichagua noti ile nitakuwa nayo mpaka mwisho, pamoja na mdomo ulio wazi. Sitaki. Nataka kucheka bila kuweka mkono.

Nafasi ni milimita mbili. Daktari ameniruhusu kupuliza nusu saa kwa siku. Bado nakohoa, lakini kikohozi kimeanza kupata adabu.

Mpwa wako

*

6 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Hii ni ndefu, kaa chini. Mama yako goti limepungua, amemwazima jirani ile fimbo na sasa wanaigombania. Mkaza mjomba wako amelalamika kwamba wiki kadhaa nimekuwa nalia "klo" mezani, usiku, na mbele ya wageni. Nimemwambia ni kazi.

Nimelichunguza jambo la noti ya kwanza. Sikulichunguza kwa sababu ya mtu, nimelichunguza kwa sababu lilikuwepo. Sikiliza.

Ulimi ukiwa mlangoni, pumzi haiwezi kutoka mpaka ulimi urudi ndani kwanza. Ni safari ya kurudi, halafu ya kutoka. Tumeizoea, tunaifanya haraka, lakini ni safari mbili. Ulimi ukiwa darini ni safari moja: unashuka, pumzi inapita. Kwa hesabu, darini ingekuwa haraka zaidi. Mbona basi wewe unakohoa? Nilijifungia karakana siku nne na tarumbeta yangu ya fedha, nami nikakohoa kama wewe, mpaka mpiga matoazi akaja kuuliza kama nina pumu. Kosa nikaliona. Unaubana. Wewe, kwa kuwa umefundishwa ushikilie kiraba, unaukandamiza ulimi juu kama unazuia dari isianguke. Usiukandamize. Ncha iguse kama unavyogusa pasi kujua kama ina moto. Jaza pumzi nyuma yake kwanza, ingoje kama maji kwenye koki, kisha angusha ncha tu, ncha peke yake, nyuma ibaki juu. Sema "ta" pasipo sauti. Usipeleke ulimi mbele hata kidogo; noti itaenda mbele yenyewe, hiyo si kazi ya ulimi.

Anza taratibu, mapigo sitini kwa dakika, noti moja kila pigo la nne. Ukipata ishirini mfululizo bila kikohozi, panda mpaka sabini. Ukikohoa, rudi. Hakuna njia ya mkato, na mimi njia za mkato nazijua zote.

Nimeanza kuitumia njia hii kwa bendi nzima. Amri imebadilika. Sasa napaza sauti "Ulimi darini!" na wanajibu "Klo!" Wa tromboni ananuna, anasema amechoka kuhamishwa nyumba uzeeni. Kinyozi ndiye amepata haraka kuliko wote. Anafanya mazoezi huku ananyoa watu, maana mteja akiongea yeye hujibu "mh", mdomo umefumba.

Kuhusu kiti, hapa kuna haki yako na haki yake. Tutafanya kama tunavyofanya siku zote viti vinapogombaniwa. Agosti, ukija likizo, tunatundika pazia ukumbini, mnapuliza nyuma yake, nani kwanza hakuna anayejua. Wenzenu ishirini wanapiga kura. Mimi sipigi.

Na jambo dogo. Mwombe huyo Mama Kioo viraba kumi na moja. Usiniulize kwa nini kumi na moja.

Mjomba

*

18 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeibandika ukutani kwenye chumba chetu kipya cha mota. Nilidhani nitakujibu siku ile ile, nikaenda kujaribu kwanza. Ncha iguse kama pasi. Nimerudi kwenye mapigo sitini kama mtoto. Jana nilipata ishirini.

Jana hiyo nilikaa juu ya sanduku la vifaa nikacheka peke yangu.

Viraba nimepata. Mama Kioo aliponiuliza ni vya nini nikamwambia ni vya bendi. Akanitazama kwenye kioo, siyo mimi, kivuli changu, akasema, "Aha. Mazoea tu." Akahesabu kumi na moja, akaongeza kimoja. "Hiki cha kiongozi."

Swali moja tu, halafu nanyamaza. Na wapiga ngoma wanane, unawaagizia viraba vingapi?

Nakuja tarehe kumi na nne Agosti.

Mpwa wako

*

25 Agosti

Mpwa wangu,

Umeondoka bila kuaga. Mama yako anasema ulikuwa unawahi usafiri. Usafiri wako ulikuwa wa alasiri, wewe ukaondoka asubuhi, mimi nikiwa nafungua karakana. Kwa hiyo naandika mambo ambayo ulikuwepo yakitendeka, ili ujue upande wangu ulivyoyaona.

Pazia lilikuwa lile shuka la kijani. Viti ishirini viligeuzwa kutazama ukuta, kwa usalama. Wa kwanza akapuliza gwaride la ufunguzi kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuyumba. Wa pili akaanza. Mpwa wangu, masikio yangu unayajua, lakini mwanzo ule niliusikia kwa mifupa. Ulikuja kama kisu kinachoingia kwenye papai. Nilijua ni wewe kabla ya noti ya pili, na nikajua pia kwamba sijawahi kukufundisha mwanzo ule; au nimekufundisha juzi tu, kwa barua. Halafu kwenye mstari wa tatu ukaanza kuchoka. Midomo. Miezi mingi bila kupuliza, na nyaya juu yake. Mwisho ukauvuta kama mzigo.

Kumi na moja kwa tisa. Kinyozi.

Kelele zikazuka, wa tromboni akadai kura zihesabiwe tena kwa kuwa aliinua mkono kimakosa akijikuna. Nikahesabu tena. Kumi na moja kwa tisa. Wewe ukatoka nyuma ya shuka, ukaenda moja kwa moja kwa kinyozi, ukamshika mkono.

"Umeniibia, kinyozi."

"Nimekuibia nini?"

"Barua zangu. Kila nilichomwandikia huyu mzee alikwenda kukumiminia wewe."

"Basi andika zaidi," akakuambia. "Nakaribia kujua kila kitu."

Ukacheka. Ulicheka kwa sauti, kichwa nyuma, mikono yote miwili iko chini. Watu walidhani nakutazama kwa huruma. Nilikuwa napima. Kalipa sikuwa nayo, lakini jicho langu kwa kazi hiyo halikosei zaidi ya nusu milimita. Ulipofika kwangu ukiwa na miaka kumi na mbili ulikuwa na meno yaliyofunga vizuri, nakumbuka, ulikuja unatafuna mua. Na siku ile ya pazia, juu na chini, kushoto hadi kulia, nilihesabu sifuri.

Wapiga ngoma hawahitaji viraba. Umeridhika?

Mashindano ni tarehe tisa Oktoba. Nafasi ya pili ni yako ukiitaka, nawe unajua ya pili ndiyo inayombeba wa kwanza asianguke. Sitakubembeleza. Mama yako ataandika kunibembelezea, usimsikilize, amua mwenyewe.

Mjomba wako

*

7 Septemba

Mjomba, shikamoo, na shikamoo nyingine ya siku niliyoondoka, ulikuwa unanidai.

Mama ameshaandika. Kurasa tatu, mbili za goti na moja ya bendi. Mwambie nimesikia zote.

Sikukimbia kwa sababu ya kura. Kura ilikuwa ya haki, na mimi ningekuwa nimegeukia ukuta ningempigia kinyozi. Niliondoka mapema kwa sababu nilikuona ukinitazama mdomo, na nilijua nikisimama karibu nawe mmoja wetu atasema jambo ambalo hatujazoea kulisema. Kwenye barua ni rahisi zaidi. Umelisema, nimelisoma, yatosha.

Daktari alinipima juzi. Sifuri yako na yake zimekubaliana. Nyaya zinatoka Februari. Baada ya hapo kutakuwa na kifaa cha kuvaa usiku kwa muda mrefu, na ulimi wa kufanya kazi mchana na usiku bila likizo. Nilimuuliza Mama Kioo kama safari hii meno yatarudi. Akasema, "Mimi siapi. Ila safari iliyopita aliyekuwa anayalinda alikuwa chuma. Safari hii ni wewe." Jana kazini uzi wa kitufe ulinining'inia, nikauinamia nikaukata kwa meno ya mbele. Mkasi ulikuwa mfukoni.

Nafasi ya pili naichukua. Nitakuwa hapo tarehe tano kwa mazoezi. Napuliza kila siku baada ya kazi, nusu saa imekuwa saa nzima kwa ruhusa ya daktari, na mstari wa tatu sasa naupita nikiwa na pumzi ya kubaki. Wa nne bado unanishika shati.

Kwa hiyo mpe kinyozi ujumbe, tena umpe akiwa ananyoa mtu, asiweze kujibu. Kiti akikalie vizuri Oktoba, atushindie, nami nitambeba kutoka wa pili bila kinyongo. Lakini asikiwekee mto. Agosti ijayo, Mjomba, tafuta shuka zito zaidi, maana hilo la kijani noti yangu italitoboa.

Mpwa wako,
Kipenga